Kigari cha Yunusi na Mama Zake Sofia

Yunusi Mnonjela alipoingia Nachingwea na kigari chake, Starlet ya rangi ya maziwa iliyokwisha kufubaa, watu wa mtaa walitoka kukitazama, kisha wakatazama barabara nyuma yake kana kwamba gari lenyewe lilikuwa bado linakuja. Ilikuwa mwaka 2003. Ufuta ulikuwa umetoka vizuri, na kila aliyeshika chochote alikuwa akiota pikapu ya juu, yenye bodi la kubebea magunia na muungurumo wa kusikika hadi mtaa wa pili. Sasa seremala mzima, mtu anayejulikana kwa vitanda na milango, anakuja na kitu ambacho kuku angekiruka.

"Ndiyo hii tu?" aliuliza Linus, fundi baiskeli, jirani yake.

"Ndiyo hii."

"Ungengoja kidogo ikue."

Yunusi hakucheka. Alikuwa mtu wa hasira, na hasira zake alizilea mwenyewe kama watu wanavyolea mikorosho: anapalilia, anapulizia dawa, anangoja msimu. Shule aliishia darasa la nne. Mengine yote aliyasoma kwenye magazeti yaliyofungiwa misumari, akaunganisha habari ya kipande hiki na ya kipande kile, na hakusahau hata moja. Mtu akija kuagiza dirisha alilazimika kwanza kusikiliza.

Na somo lake kubwa lilikuwa magari makubwa. Baba yake alikuwa kibarua enzi za Wazungu wa karanga. Aliona mitambo mikubwa kama nyumba iking'oa msitu mzima kwa ajili ya karanga ambazo hazikuota za kutosha kujaza mtambo mmoja. Mitambo ikaachwa ikashika kutu, baba akaachwa na mgongo. Kisha Yunusi mwenyewe, kijana wa ndevu za kwanza kule kwao upande wa Lionja, aliona Land Rover ikija kuwaambia watu wahame, waende kwenye vijiji vipya. Bwana aliyekuwa ndani hakushuka. Aliongea na wazee kupitia dirishani, injini inanguruma, na wazee, kwa adabu, wakawa wanaitikia "ndiyo" bila kusikia neno. Walipokuja kujua wamekubali nini, moto ulikuwa umeshashika mapaa.

"Hawakuzima injini," Yunusi alikuwa akisema, randa mkononi, na aliyeagiza dirisha anatazama saa. "Mnanielewa? Hata kuzima tu."

Siku hizi yakaja mashangingi, yale magari marefu ya wakubwa. Kila msimu wa korosho yanapita yakitimua vumbi juu ya korosho zilizoanikwa kwenye mikeka, vioo vyeusi, na ndani, ukibahatika kuona, mtu mmoja. Dereva mbele, mtu mmoja nyuma, viti vilivyobaki vimekaliwa na baridi. Ndiyo maana Yunusi alipojaliwa kununua gari alinunua dogo kwa makusudi. Linakunywa mafuta kama mgonjwa anavyokunywa uji, linaegeshwa popote, halimpandishi mtu juu ya vichwa vya wenzake. Aliliona kama hotuba yenye magurudumu.

Sasa huyu Yunusi alikuwa amefiwa na mkewe miaka minne, na alikuwa amempenda Sofia.

Sofia alikuwa fundi cherehani wa Chinongwe, mwanamke aliyeachika zamani na asiyekuwa na haraka ya kuolewa tena. Alikuja Nachingwea kuagiza meza ya kukatia vitambaa, akasikiliza habari ya mitambo ya karanga mpaka mwisho, jambo ambalo halijawahi kutokea, kisha akauliza maswali. Alirudi kuulizia meza hata ilipokuwa imekwisha. Mara ya tatu Yunusi alimrudisha Chinongwe kwa Starlet, akimweleza njia nzima jinsi inavyobana mafuta.

"Na mama zangu watakaa wapi?" Sofia aliuliza, akacheka.

Yunusi naye akacheka. Hapo ndipo alipokosea.

Maana alijua kwamba mama yake Sofia alifariki mtoto angali ananyonya. Akapiga hesabu ya kiseremala, ya kutoa: mtu aliyefiwa na mama ana mama pungufu. Atabaki mama mkubwa mmoja, labda na mama mdogo. Hao wanakaa kiti cha nyuma vizuri kabisa.

Walipokwenda kuposa, mjomba wa Sofia, Mzee Masoudi, alisema jambo ni zito kidogo. Kwa Wamwera mwanamume ndiye anayehamia kwa mke, si mke kuchukuliwa. Yunusi akaeleza karakana yake, wateja wake, mbao zake zilizopangwa hadi darini. Mzee Masoudi akamgeukia dada yake Swaumu, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuitia watu waliopo bonde la pili, ambaye Sofia alimwita mama mkubwa.

"Aende," Swaumu alisema. "Lakini mtoto wetu haendi kama furushi. Siku anayotoka, waliomlea wote wanatoka naye. Tuone kitanda, tuone maji, tuone choo, siku hiyohiyo, jua likiwepo. Tusipoona, anarudi na sisi, na ndoa itangoja huku."

"Nimekubali, mama," Yunusi alisema. Hakuna injini iliyokuwa inanguruma. Alisikia kila neno, akakubali kwa moyo mweupe, akiwa na kiti chake cha nyuma kichwani.

Ndoa ilifungwa Chinongwe asubuhi ya Jumamosi. Watu wakala wali, wakala nyama, wakacheza. Jua lilipoanza kupinda, Yunusi akaenda akafungua milango ya Starlet, akapangusa viti kwa kanzu yake mpya, akangoja.

Mlango wa nyumba ukafunguka. Akatoka Sofia amefunikwa khanga, ameshikwa mkono na Swaumu. Nyuma yao akatoka mama mdogo Saada na kinu. Vizuri, Yunusi alijisemea, kinu kitakaa kwenye buti. Akatoka mwingine na mtungi. Akatoka mwingine na ngoma. Wakatoka wawili wanashikana mikono, wazee sana, mmoja haoni vizuri. Akatoka mwenye jogoo. Khanga zao zote sare, na mlango bado unatoa. Yunusi akashika paa la gari.

"Hawa wote ni nani?" alimnong'oneza Mzee Masoudi.

"Mama zake," mzee alijibu, akishangaa swali. "Si unajua alifiwa akiwa mchanga? Nani unadhani alimnyonyesha? Kila aliyekuwa na maziwa kijiji hiki alimnyonyesha. Huyu hapa siku za mvua, yule pale siku za mavuno. Mwenye mama yake ana mama mmoja, mkwe. Sofia anao kama unavyoona."

Swaumu alizunguka Starlet taratibu, kama mtu anayetafuta pa kuingilia kwenye boma la watu.

"Mkwe, gari liko wapi?"

"Hili hapa, mama."

"Hili nimeliona. Nauliza gari."

Watu wakaguna. Yunusi akakohoa, akaanza, na kwa kuwa hakujua kuanza kwingine, akaanzia mahali anapoanzia siku zote: kwamba gari kubwa ni gharama, na gari dogo linakula kidogo.

"Hata sisi tunakula kidogo," Swaumu alisema. "Lakini tunakaa."

"Nitawapeleka kwa zamu, mama. Wanne kwanza, halafu narudi."

"Na jua nalo utalipeleka kwa zamu?"

Basi la Nachingwea lilikuwa limepita alfajiri. Barabara ile kwa mashimo yake, kwenda na kurudi mara moja tu giza lingekuwa limeingia. Yunusi akamgeukia mkewe, ambaye alikuwa mkewe tangu asubuhi tu na huenda asingekuwa wa kukaa naye jioni.

"Nilikuuliza," Sofia alisema kutoka chini ya khanga. "Nilikuuliza mama zangu watakaa wapi."

"Nilidhani unatania. Ulicheka."

"Nilikucheka wewe."

"Saada," Swaumu akaita, bila ukali, na hilo ndilo lililomtisha zaidi Yunusi. "Tandika mkeka ndani. Mtoto apumzike."

Yunusi aliona mkeka unaingizwa. Akaona maisha yake yote yaliyobaki yanaviringishwa pamoja nao. Hasira ikampanda, hasira ile ya siku zote, lakini alipoitafutia bwana wa kumwangukia hakumpata. Hapakuwa na Mzungu wa karanga wala mtu wa dirishani. Palikuwa na yeye na kiti chake cha nyuma.

Hapo ndipo Anselmo alipojitokeza. Anselmo alikuwa dereva wa lori linalokuja kuchukua ufuta kwenye ghala la kijiji, na tena alikuwa mtani wa ukoo wa kina Sofia. Tangu asubuhi alikuwa amevaa sufuria kichwani, akiomba talaka kwa niaba ya bibi harusi. Akaja na watani wenzake, akapiga teke tairi la Starlet.

"Gari hili limekamatwa," alisema.

"Kosa gani?" Yunusi aliuliza.

"Kuwa dogo mbele ya mama zetu. Wenzangu, lipelekeni mahabusu."

Kabla Yunusi hajafunga mlango, wanaume walikuwa wameshaishika Starlet pande zote. Nusu wanaisukuma, nusu wameinyanyua, wanaitembeza kuelekea ghalani kama wanavyobeba kitanda. Yunusi akawakimbilia.

"Mtalivunja! Jamani, mtu kafanyia kazi miaka..."

"Unakasirika?" Anselmo alisimama, akatega sikio. "Nyie, bwana harusi anakasirika?"

Wote walijua, na Yunusi alijua kuliko wote. Ukimkasirikia mtani siku ya shughuli umejitia hatiani mwenyewe, faini inaongezeka na wanawake wanakuimba mpaka wajukuu zako. Mtu aliyelea hasira miaka thelathini aliambiwa, mchana kweupe, mbele ya wakwe, kwamba leo hairuhusiwi. Akafungua mdomo. Kilichotoka kilikuwa kicheko, kibovu, cha mtu asiye na mazoezi, lakini kicheko.

"Sikasiriki," alisema. "Mnakipeleka wapi?"

"Kikapande gari. Hakijawahi kupanda gari tangu kizaliwe."

Kando ya ghala palikuwa na tuta la udongo lililoshindiliwa, la kupakilia magunia, na kimo chake kililingana na bodi la lori. Anselmo akarudisha lori nyuma mpaka likagusa tuta, akashusha ubao wa nyuma. Wakaisukuma Starlet ikapanda, ikaingia, ikakaa katikati ya bodi kama kiti cha sebuleni. Wakaweka mawe nyuma ya magurudumu, wakaifunga kamba za magunia kushoto na kulia. Pande zake zote pakabaki nafasi ya watu, na ya kinu, na ya ngoma.

"Faini," Anselmo alisema. "Mama hawapandi mpaka mkwe amwamkie kila mmoja kwa jina lake."

"Siyajui majina yao."

"Ndiyo faini yenyewe."

Basi Yunusi akasimama chini ya tuta, na kila aliyepanda alimtajia jina lake, naye akalirudia. Shikamoo mama Saada. Shikamoo mama Hadija. Shikamoo bibi Binti Likunja, huyu ndiye asiyeona vizuri, aliyempapasa uso na kusema, "Ana pua ya watu wagomvi, lakini atafaa." Akikosea jina, anarudi mwanzo na wanawake wanapiga vigelegele vya kumzomea. Alikosea mara nyingi. Mwisho wake alikuwa anayajua kama anavyojua aina za mbao.

Sofia wakamkalisha ndani ya Starlet, kiti cha abiria. Swaumu akakaa kwenye usukani.

"Leo naendesha mimi," alisema, akafunga mlango.

Wakaondoka. Lori linanguruma, ngoma inanguruma juu yake, wanawake wanaimba wimbo walioutunga palepale, wa mwanamume aliyenunua kiatu akasema ni gari. Swaumu anakata usukani kila kona, na kila kona lori likimtii anaitikia kichwa kwa kuridhika. Yunusi amesimama pembeni, mkono mmoja ameshika bomba la juu la bodi, mwingine kinu. Upepo unampuliza kanzu. Anaona mashamba ya ufuta yaliyokwisha kukatwa, matita yamesimama yamekauka, na watu wanaacha kazi zao kuwapungia. Akawapungia na yeye.

Akamwinamia mama Saada. "Unajua, mama, nimeelewa kitu. Hawa wanaolilia magari makubwa mimi nilidhani wote wanalilia ubwana. Kumbe wengine wamechoka tu kuachwa barabarani. Mtu aliyeachwa na basi, akaachwa na gari la wagonjwa, anaota chombo ambacho hakimwachi mtu wake. Sasa hao wanaokaa mmoja nyuma, wao wamechukua..."

"Shika kinu vizuri," mama Saada alisema. "Kinanigonga."

Walipofika pale barabara inapobanwa na makorongo mawili, wakakuta shangingi linakuja mbele yao. Jeupe, refu, vioo vyeusi. Likawasha taa. Anselmo akasimama, akazima injini. Pale gari moja tu linapita. Dereva wa shangingi akashuka, kijana nadhifu, akaja mpaka dirishani kwa Anselmo.

"Rudi nyuma, mzee. Nina kiongozi."

"Wewe una kiongozi," Anselmo alisema. "Mimi nina wakwe."

"Nasema kwa heshima."

"Na mimi. Tazama juu."

Kijana akatazama juu, akaona gari dogo ndani ya gari kubwa, na ndani ya lile dogo mwanamke mzee ameshika usukani anamkazia macho. Akarudi nyuma hatua. Hapo kioo cha nyuma cha shangingi kikashuka taratibu, ukatokea uso wa bwana mmoja mnene, miwani puani. Akasema kitu. Midomo inaonekana inacheza, maneno hayasikiki. Injini ya shangingi ilikuwa inanguruma.

Binti Likunja, kwa adabu, akaitikia, "Ndiyo, baba."

Yunusi akaegemea ubao wa lori, akajaza mapafu, na hotuba yote ikaja: karanga, mgongo wa baba, mapaa, vumbi la korosho. Yote yalijipanga mlangoni. Lakini leo hasira ilikuwa marufuku na mama zake walikuwa wengi, kwa hiyo kilichotoka kilikuwa kifupi na kimetulia.

"Mzee, tunaomba uzime injini. Hatukusikii."

Bwana akamtazama. Akawatazama wanawake, mmoja mmoja. Kisha akamwambia dereva wake neno, kijana akaenda akazima. Kukawa kimya hata ndege walisikika. Yunusi akashika ubao kwa nguvu.

"Nilikuwa nauliza," bwana alisema, "hilo gari limeharibika?"

"Halijaharibika," Swaumu alijibu kutoka kwenye usukani. "Limechoka kutembea peke yake. Na wewe humo ndani uko na nani?"

"Niko peke yangu, mama."

"Pole."

Lori zima likaangua kicheko. Bwana naye alicheka, akavua miwani akafuta macho. Ndilo shangingi lililorudi nyuma, polepole, mpaka penye nafasi, na wanawake wakalipigia ngoma likirudi, na wakalipita wakiimba. Yunusi aliimba kuliko wote, ingawa wimbo ulikuwa wa kumsema yeye.

Nachingwea waliingia jua likiwa bado limekaa juu ya mapaa. Mtaa wote ukatoka. Linus aliona Starlet inapita juu angani, akashusha baiskeli aliyokuwa anaitengeneza.

"Kumbe ilikua," alisema.

Mama wakashuka, wakaingia nyumbani kama maji. Walifungua mtungi wakaonja maji. Walikwenda chooni wakarudi wanaongea kwa sauti ya chini. Waliona mlango wa jikoni unakwaruza sakafu. Kwa seremala jambo lile lilikuwa aibu, na waliufungua na kuufunga mara nyingi ili aione. Kisha wakaingia chumbani. Kitanda kilikuwa cha mninga, Yunusi alikichonga miezi miwili. Swaumu akakaa. Akakaa Saada. Akakaa Binti Likunja, na waliofuata, mpaka kitanda kikabeba wote waliopenya mlangoni, wala hakikulia.

"Kitanda kikubwa, gari dogo," Swaumu alisema. "Akili yako imekaa upande mmoja, mkwe."

Yunusi alisimama mlangoni na jasho lake.

"Anabaki," Swaumu alisema.

Vigelegele vilivyopigwa humo ndani vilisikika mpaka sokoni. Yunusi akaegemea fremu ya mlango aliyoichonga mwenyewe, akacheka tena, na safari hii kicheko kilikuwa kimeanza kupata mazoea.

Lori lisingeweza kurudi Chinongwe jioni ile, na mama wasingeweza kulala njiani. Kwa hiyo wakalala pale pale walipokaa. Kitanda kikajaa, sebule ikajaa, mikeka ikafika karakana. Adhana ya magharibi ilipokwisha, bwana harusi alitoka nje kuswali, akarudi, akakuta nyumba yake haina hata pa kuweka mguu. Akapanda kwenye bodi la lori, akafungua Starlet, akakaa. Kule juu aliuona mji wote ukiwasha taa zake chache, na akasikia mama zake wakicheka ndani ya nyumba yake.

Baada ya muda mlango wa pili ukafunguliwa. Sofia, amekwisha kuvua khanga ya uso, akamkabidhi sahani ya wali uliofunikwa, akaingia, akavuta mlango.

"Wamesema nikae na mume wangu. Sikupata pengine."

"Pole."

"Sogeza kiti hiki, miguu yangu haipati nafasi."

"Kimekwama. Hakisogei."

"Basi sogea wewe," Sofia alisema.